Bei Rahisi ya Thailand Mnielezee Mimi wa Ngamiani?

Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, enzi zile baiskeli ndiyo ilikuwa gari la baba, maisha ya bei rahisi hatukuyaona kwenye simu. Tuliyala. Kwa hiyo mtu asije akanifundisha.

Ukiwa na sarafu ya hamsini ulikwenda dukani kifua mbele. Ulifungiwa ubuyu kwenye karatasi ya daftari, ulimi ukabaki mwekundu mpaka kesho, na ukidai nyongeza mwenye duka alikurushia pipi huku ananung'unika. Asubuhi uji wa mchele wenye pilipili manga, mchana mihogo ya nazi. Machungwa ya Muheza tulinyonya mpaka midomo ikawasha. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, na mdako barazani kwa watu. Watoto wa siku hizi ukiwapa kokoto za mdako watakuuliza zinachajiwa wapi.

Mama yangu alikuwa mtu wa kushuku bei. Sokoni mwenye nyanya akisema, "Chukua dada, wewe nakupunguzia," kabla hata hajaombwa, mama alichuchumaa akaligeuza fungu lote, za chini zikaja juu. "Umepunguza nini, baba? Bei au nyanya?" Mimi natazama pembeni kwa aibu. Leo niko Johannesburg, nina mtoto wangu, na nashuku kumzidi yeye.

Maana mume wangu, Baba Rehema, ameshikwa na ugonjwa wa Thailand. Rafiki yake Jumbe, aliyekuwa analinda naye geti moja hapa mjini, Braamfontein, amehamia mji wa mkoani kule, Udon Thani, anasema anafundisha watoto Kiingereza. Jumbe huyu huyu! Kiingereza chake ni cha mitaa ya hapa, kinaanza na "eish" na kuishia "sharp". Kila jioni anatuma video: chumba chenye kiyoyozi, kodi haifiki nusu ya yetu ya hapa Hillbrow. Wali wa kunata na kuku wa kuchoma, bei ya magwinya, maandazi ya hapa kwenye stendi ya teksi. Baba Rehema anatazama mdomo wazi. Anataka tuuze friji langu, ninalogandishia juisi ya ukwaju ya kuwauzia madereva, tuache chumba, twende wote watatu.

"Mama Rehema, hapa tunafanyia kazi kodi tu. Kule tutaishi."

Kodi inaniuma, sikatai. Lakini nilichukua simu nikamrekodia Jumbe sauti: "Shemeji, salama? Chumba nimekiona, kizuri. Jirani yako wa mlango wa kulia anaitwa nani?"

Jibu lake lilianza na kicheko. "Ah, shem! Majirani wa huku hawasumbui kabisa. Kila mtu na mlango wake."

"Na ulipoumwa, nani alikuletea uji?"

"Shem, kuna duka halifungwi usiku wala mchana."

Baba Rehema akakunja uso. "Sasa jirani na kodi wapi na wapi?"

Wapi na wapi! Mama aliposhinda hospitali na mdogo wangu mwenye malaria, mimi nilikula kwa Mama Zuhura ng'ambo ya barabara, nikaogeshwa, nikachapwa pia maana nilistahili, na mama aliporudi hakuna aliyemtajia gharama. Ile sarafu ya hamsini haikulea mtoto. Na hapa Hillbrow, ghorofani, lifti mbovu, kodi ya kuua, nina Mama Espérance wa Lubumbashi mlango wa pili, anayesuka nywele. Rehema aliposhikwa na pumu mimi niko barabarani nauza, mama huyo alimwacha mteja na nywele nusu, akambeba mgongoni ngazi zote mpaka kliniki, ndipo akanipigia: "Mama Rehema, mutoto anapumua muzuri. Usikimbie, utaanguka." Hiyo Jumbe ataipiga video?

Baba Rehema akasema kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa: "Basi mimi nitangulie. Mtafuata."

Hapo damu ilinipanda. Nimekulia mtaa uliojaa akina mama walioambiwa "mtafuata", waume zao wakatangulia Muscat, wakatangulia Durban, na watoto wao tulikuwa tunagawana nao uji.

"Tangulia," nikamwambia. "Friji haliuzwi, na mtoto haondoki kwenye korido hii."

Hajaondoka. Wala hajasema haendi. Siku hizi anaangalia video ameizima sauti, na mimi namwangalia yeye.

Zamani maisha rahisi yalikuwa watu, wamejaa mlangoni mpaka unachoka nao, unatamani wakuache ule peke yako. Leo tunaonyeshwa chumba kitupu, kisafi, kinapuliza baridi, na mwanaume mzima anakitamani kama vile mwanawe ameshalelewa.