Sumaku ya Nalianya

Upepo ulipouangusha mkaratusi wa kanisa moja la Makadara, mwaka wa 1983, wapasuaji mbao walikuja mmoja mmoja, wakautazama, wakaenda zao. Kwa miaka ishirini matangazo ya kanisa yalikuwa yakipigiliwa misumari kwenye shina lile, na msumari mmoja tu unatosha kung'oa meno ya msumeno.

Nalianya wa Kariobangi yeye hakwenda zake. Alifika na mashine yake ndogo ya kupasua mbao, ameivuta nyuma ya pikapu. Mzee Wanyoike, karani wa kanisa na mwenye nyundo ile ya matangazo, akamcheka.

"Kijana, hapo utapasua chuma, si mbao."

"Tutaona, mzee."

Nalianya alikuwa amebandua sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga uzi. Siku mbili nzima aliipitisha juu ya gogo polepole, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kila sumaku ilipovutika, alichimba kwa patasi, akang'oa msumari, akautia mkebeni. Waliopita walimwona mwendawazimu.

Siku ya tatu akawasha mashine. Msumeno ukaimba toka mwanzo wa gogo hadi mwisho, bila cheche hata moja. Mbao zikatoka nyekundu, nyoofu, za kutosha mabenchi ya kanisa zima.

Wanyoike alikuja kuzigusa. Nalianya akamkabidhi ule mkebe, mzito hata mzee akaupokea kwa mikono miwili.

"Misumari yako hiyo, mzee. Na tangazo la Jumapili hii, tafadhali lisome kwa mdomo."