Mwaka wa Ulimi

Ipo siku moja, mwanangu, nnayoikumbuka kila nikiwasikia nyinyi vijana mkihesabiana ahadi za mwaka mpya. Nilikuwa na miaka ishirini, mke wa mtu, nakaa Mkunazini kwa wakwe zangu. Mapinduzi yalishapita miaka kadhaa. Sukari ya foleni, mchele wa foleni, nguo ndio usiseme. Ulimi wangu tu ndio haukuwa na mgao.

Katika nyumba ile alikuwemo wifi yangu Salama, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa amezika watoto watatu, wote wachanga, kisha mumewe akamwacha. Siku moja jikoni aliniambia nimelikata tui, na kweli nililikata. Badala ya kunyamaza nikamjibu: "Asiye na mwana aeleke jiwe." Akaweka upawa chini taratibu, akatoka. Tangu hapo hakunisemesha. Tukila sinia moja, kila mtu anatazama tonge lake. Mume wangu hakuzunguka maneno. Aliniambia dada yake ndiye aliyemlea, na kama mwaka unaokuja utamalizika hatujapatana, atanirudisha kwetu.

Niliogopa. Basi ulipokaribia Mwaka, nao ni Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa Makunduchi, si huo wenu wa kalenda ya ukutani, nikachukua daftari nikaandika ahadi kumi na mbili. Nitaamka kabla ya adhana. Nitahitimu Kurani. Nitashona kofia kumi. Sitasengenya. Nilijaza ukurasa mzima, na ya kumwomba wifi msamaha haikuwemo. Maana nilishasikia kuwa neno langu amewaambia majirani, nikaona mkosa ni yeye aliyenitangaza.

Siku hizo ukipata doti moja ya kanga, ndiyo ya mwaka. Nilipanga foleni Darajani tangu asubuhi. Wenzangu walitazama rangi, mie nilitazama maandishi. Nikachukua iliyoandikwa: "Ulimi unauma kuliko meno."

Siku ya Mwaka tukaenda Makunduchi familia nzima, kwa somo wangu Bi Mize, aliyenifunda nilipokuwa mwari. Wanaume walipigana kwa migomba uwanjani, ndiyo ada yake, kila mtu anatoa kinyongo chake, na sisi wanawake tukazunguka kwa nyimbo na nguo mpya. Nilihakikisha natembea mbele ya Salama. Kanga, mwanangu, mvaaji haisomi. Anayeisoma ni aliye nyuma. Nilijua anasoma, na nilitembea polepole ili asikose hata herufi.

Bi Mize aliniona. Akanishika mkono. "Njoo ukoge mwaka," akasema, tukashuka pwani.

Huko akanivua ile kanga ya kiunoni, nikabaki na gauni. Akaitandaza mchangani, akaweka jiwe kila pembe isipeperuke.

"Soma."

Nikasoma.

"Inamsema nani?"

"Wifi, somo. Kanitangaza mtaa mzima."

"Neno alilolitangaza lilitoka kinywani mwa nani?"

Niliinama nikayatazama maneno yale, mara ya kwanza nayatazama kama aliyeandikiwa, na nikaingiwa na haya ambayo sijapata kuijua kabla yake. Nikaanza kujitetea kwa ahadi zangu. Nikamtajia zote.

Bi Mize akacheka. "Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika duka zima." Kisha akaacha kucheka. "Mwaka huu usiniahidi kitu. Chukua neno moja tu, ulimi. Uamke nalo, ulale nalo. Usijiulize umefanya mangapi. Jiulize ulimi wako leo ulikuwa wapi."

Akanitia majini, nikazama mara tatu. Nilipoinua kichwa niliwaona wale waliokuwa wakipigana asubuhi wanarushiana maji, wanacheka. Nilistaajabu mpaka nikalia. Nilikuja na ukurasa mzima, nikaondoka na neno moja, na hilo moja lilinitisha kuliko ahadi zote kumi na mbili.

Jioni ile ile nilimfuata Salama. Nilimwomba radhi bila kutia "lakini". Akasema, "Nimekusikia," basi, akaendelea kukunja nguo.

Nikalichukua neno langu kama lilivyo. Mwanzo nilidhani maana yake ni kunyamaza, nikanyamaza. Kwenye foleni mtu akinipita nauma mdomo. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda, neno lilizidi kufunguka, na mie nabaki kushangaa. Nikagundua mkwe wangu sijapata kumshukuru hata siku moja. Nikagundua mume wangu namwita kwa kumtuma tu. Kumbe ulimi huumiza hata kwa yale usiyoyasema.

Siku moja tunachambua mchele, mie na Salama, kimya kama kawaida yetu. Nikamwuliza, "Wifi, wanao waliitwa nani?"

Akasimamisha mkono. Hakuna aliyewahi kumwuliza, tangu azike. Akanitajia majina matatu, moja moja, na kila mtoto aliishi siku ngapi, na yupi alikuwa na nywele nyingi. Alizungumza mpaka adhuhuri. Ulimi ule ule ulioua ndio uliofungua mlango, Subhanallah, na mpaka leo sijui nimshukuru Mungu vipi kwa jambo hilo. Habari ya kurudishwa kwetu haikutajwa tena.

Basi sikiliza, mwanangu. Usianze mwaka na orodha. Chagua neno moja, na lisiwe linalokupamba, liwe linalokusema wewe. Usimvalishe jirani. Ahadi ukiivunja imevunjika, nawe unakata tamaa. Neno ukilisahau leo, kesho utalikuta linakungoja, wala halitakugombeza. Na usidhani ni jembamba. Lifuate tu, litakuingiza vyumba usivyojua kuwa unavyo.

Mie kila Mwaka nachukua langu. La mwaka huu ni kuaga. Usishtuke, nshakula chumvi nyingi, na wapo ambao bado sijawaambia ninavyowapenda. Nimeanza na wewe.

Mola akuoneshe neno lako, akupe moyo wa kulisikia, na mwaka ukigeuka ukukute umepatana na watu wa nyumba yako. Amin.