Vidonge vya Baba Mkwe

Kabla ya filamu ile nilikuwa mpiga video wa harusi tu, Singida mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kamera na deki za video zimeanza kuingia madukani, na kila mwenye binti wa kuozesha alinitafuta. Sherehe ikiisha, kabla sijafunga vitu vyangu, lazima wenye harusi niwaonyeshe mkanda. Usipowaonyesha watu wananuna, wee!

Basi nikakodiwa na wageni waliokuwa wakitengeneza filamu kuhusu watu waliolemazwa na dawa wakiwa bado tumboni. Tukaenda Ilongero kwa mama mmoja. Binti yake alikuwa na miaka ishirini hivi, viganja vyake vimeota karibu kabisa na mabega. Mcheshi huyo! Asubuhi nilimpiga picha akichambua mlenda kwa vidole vya miguu, akinitania kwamba kamera nimeipakata kama kichanga. Mama yake ndiye aliyemlisha, tonge lake, tonge la binti.

Mchana mama alituita nyuma ya zizi, nikamrekodi akisimulia. Alisema baba mkwe wake alikuwa na ukoma, akapewa vidonge vilivyomlaza usingizi mzuri. Yeye, mimba ikiwa changa, alikuwa anatapika na halali, akamwomba viwili vitatu. Kwao dawa ikiingia nyumbani ilikuwa ya wote, kama chumvi. Baadaye mganga wa zahanati alimweleza vilichofanya. Binti aliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

"Mwanangu, binti yangu hili asilisikie," aliniambia. Nikamwahidi.

Jioni watu wa nyumbani wakataka kujiona. Nikaunganisha televisheni ndogo kwenye betri ya gari, nikaurudisha mkanda mpaka mwanzo, kama harusini. Wakacheka kumwona binti na mlenda wake. Mimi nikainama kukunja nyaya, nimesahau kabisa kwamba mkanda ni uleule. Mjinga mimi! Nilipoisikia sauti ya mama na kuichomoa betri, alikuwa amekwisha kusema yote. Mpaka leo najilaani.

"Kumbe ulikuwa unajua," binti alimwambia mama yake.

Chakula kikaletwa. Mama akamega tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni kwa binti kama siku zote. Binti akafunga mdomo. Mkono wa mama ulibaki pale mpaka mlenda ukamdondokea kwenye khanga, ndipo akalirudisha tonge sahanini, naye hakula.