Mwokota Vibati wa Mto Momba

Habari ya kifo chake niliipata kwa mwuza samaki wakavu, mama mmoja anayepanda kutoka bondeni kila baada ya wiki mbili na kikapu chake kichwani hadi huku kwetu Mbozi. Alinichagulia samaki wangu, akafunika kikapu kwa majani, akajitwisha, na alipokwisha kugeuka ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka salamu aliyotumwa, "Mwalimu, yule mzee wako wa mchangani tumemzika Jumapili." Nilitaka kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Badala yake nikauliza kama maji ya Momba yamekwisha kupungua. Alinitazama kidogo, akasema yamepungua, na mwaka huu yamepungua mapema. Nimejilaumu siku kadhaa kwa swali lile. Halafu nikaona kwamba marehemu mwenyewe, angeletewa habari ya kifo cha mtu yeyote katika mwezi huu, angeanza na maji vilevile.

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika juu ya shule, barabara na mibuni. Leo naomba ruhusa niandike juu ya mtu ambaye hakuwa jumbe, hakuwa mzee wa kanisa, na jina lake halijapata kuandikwa gazetini. Alilima mtama na ulezi kama jirani zake wote wa upande wa Chitete. Lakini mvua zikiisha na mto ukianza kurudi nyuma, aliacha jembe kwa wanawe akashuka mtoni. Kila jioni alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Asubuhi alikuta maji yamesogea mbali na kijiti, siku nyingine shubiri moja, siku nyingine hatua mbili, akaipekua sehemu hiyo iliyoachwa wazi usiku huo tu, hakuenda mbele wala nyuma. Aliiita "mchanga wa leo". Nilipomwambia kwamba angeweza kuanza na sehemu kubwa iliyokauka, alisema mchanga wa jana umekwisha kusema, na wa kesho haujafungua mdomo. Alitembea pekupeku, polepole, akitumia nyayo kuliko macho. Alijua kwamba mto hupanga vitu kwa uzito wake kama mwanamke anayepepeta ulezi: palipo na mchanga mweusi wa chuma, ndani ya kona ambako maji hulegea, hapo ndipo zilipo pia risasi, vifungo vya makoti ya askari, shanga nzito za wafanya biashara wa zamani, vipande vya majembe yaliyoyeyushwa na wazee kabla ya majembe ya dukani. Hivyo vyote alivipata, akawapa watoto wachezee au akavitundika ukutani. Yeye alikuwa akitafuta vibati.

Kwa vijana wasiojua: katika vile vita vya kwanza, Mwingereza alipovuka mpaka kuja kumfukuza Mjerumani, mizigo ya jeshi ilibebwa vichwani na watu. Waliitwa tengatenga, na jina hilo hata leo ukilitaja Tunduma mbele ya wazee wa pande zote mbili za mpaka, mazungumzo hubadilika. Kila tengatenga alivikwa shingoni kibati cha mviringo chenye namba na kitundu cha kupitishia kamba. Asubuhi mizigo iliitwa kwa namba. Mtu hakuwa na jina hadi arudi kwao.

Mwaka niliomjua yule mzee nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka chuoni Uganda, nikiwa na cheti na wasiwasi mwingi, nikapewa kufundisha katika shule moja ya misheni. Mzee alifika uwanja wa shule baada ya mwendo wa siku mbili kutoka kwake, na vibati vitatu ndani ya kitambaa. Alikuwa amesikia kuna mwalimu mgeni anayependa kuandika barua. Alitaka nimsomee namba, kisha nimwandikie karani wa boma atazame katika daftari la zamani la wapagazi, ili ajue ni za watu gani na wa vijiji gani, naye awapelekee ndugu zao. Nikamuuliza kama miongoni mwa namba hizo kuna ya mtu wake. Akatikisa kichwa. Akachutama, akachora mavumbini kwa kijiti namba aliyokuwa akiitafuta, 699, na chini yake akaweka nukta. Nakumbuka nilipendezwa na nukta ile. Niliwaza, hata asiyesoma anajua kwamba jambo lina mwisho. Nikainakili kwenye daftari langu.

Nikauliza ilikuwa ya nani. Akasema, "Yangu." Alipoona nimetatizika alicheka kidogo, akakaa chini, akanieleza jambo ambalo, kwa maneno yake, aliweza kuniambia kwa sababu mimi si wa kwao. Walichukuliwa wawili, yeye na mdogo wake. Walipofika Momba mto ulikuwa umejaa. Yeye alikuwa na homa, na namba yake asubuhi ile ilikuwa imepewa sanduku la risasi. Mdogo wake, aliyekuwa na namba ya mzigo wa mablanketi, alimvua kibati chake akakivaa yeye, akamvika kile kingine, kabla msimamizi hajapita. Wakashika kamba kuvuka. Sanduku lilimvuta mdogo wake chini, na hakuibuka.

Mpagazi aliyeandikwa amekufa, kwa hiyo, ni yeye huyu aliyepona. Karatasi ilifika kwa jumbe, mama yao akamlilia, watu wakanyoa nywele, matanga yakaisha. Miezi mitatu baadaye alitokea mlangoni akiwa hai. Furaha ile ya mama ndiyo iliyomfunga mdomo, maana aliposema kwamba mdogo wake amekufa maji, mama alikataa katakata. "Karatasi ilisema wewe umekufa, na wewe huyu hapa unakula ugali," alisema. "Basi naye atakuja." Hakukubali matanga. Hakukubali mtoto yeyote katika ukoo apewe jina lile, kwa kuwa kwao jina hutolewa mwenyewe akishazikwa. Kwa miaka ile yote alimwekea mwanawe chakula kwenye bakuli dogo siku za mavuno. Na mwana aliyebaki hakuthubutu kumwambia kwamba karatasi haikusema uongo, ila shingo zilibadilishana. "Siwezi kwenda kwa mama na jambo hili mikono mitupu," aliniambia. "Nitakwenda nacho mkononi, au sitakwenda." Mama alikuwa kikongwe, macho yamezimika. Mto ulikuwa na misimu michache tu iliyobaki ya kumsaidia.

Nilimsaidia kwa barua, na nakiri nilijiona mtu wa maana. Karani wa boma alijibu polepole lakini alijibu. Naye mzee akapeleka vibati hadi Ihanda, hadi Itaka, kwa miguu. Itaka kijana mmoja alimdhihaki, kwamba mzee mzima anatembea siku tatu kumletea mtu kipande cha bati. Akamjibu kwamba angekuwa ameleta mbuzi, kijana huyo angemsindikiza mpaka jikoni. Watu wakacheka, na mwenye nyumba, ambaye alipewa namba ya baba yake, akaingia ndani hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mwinjilisti mmoja alipanda kutoka bondeni akaniletea kibati kilichonaswa na wanawake kwenye nyavu za kambale. Nilikisugua kwa majivu. Kilisema 669. Nilifungua daftari langu, nikaona 699. Hapa ndipo elimu yangu ilipofanya kazi yake. Niliwaza: nikimpelekea kibati kinachofanana hivi na chake lakini si chenyewe, nitamwamshia tumaini bure. Niliwaza tena: mtu wa umri ule, tumaini la bure linaweza kumuumiza. Nikawaza mara ya tatu, na mara ya tatu nikajiona mwenye huruma. Nikaandika boma kuuliza mwenye 669, nikakitia kibati katika kasha la chaki ndani ya meza. Mzee alipita shuleni Agosti kuniamkia, akakaa kwenye benchi, magoti yake hayakufika hatua tatu kutoka kwenye kasha lile, tukaongea habari za mvua. Sikumwonyesha.

Jibu lilifika Novemba. Karani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri jina la mwenye 669, na kijiji, na maneno "amekufa maji". Jina lilikuwa la yule mzee mwenyewe. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikafungua kasha, nikakitazama kibati hadi nikaelewa. Kile alichokichora mavumbini hakikuwa namba yenye nukta. Kilikuwa kibati kama anavyokiona mtu aliyekivaa: anakishika kifuani, anakiinua kukitazama, na kitundu kiko upande wake, chini, na namba iko kichwa chini, 669 ikisomeka 699. Alikuwa amenichorea na kitundu chake, ili nisikosee. Nami niliyefundishwa alama zote za uandishi nikakiona kitundu nikakiita nukta.

Nilitafuta mtu wa kunisimamia darasa, nikateremka bondeni. Njiani nilitunga hotuba tatu za kuomba radhi. Nilimkuta mtoni, kwenye mchanga wa leo, mto ukiwa mwembamba na mawingu yakijikusanya upande wa milima. Sikutoa hotuba hata moja, nilimpa kibati. Alikigeuza mara moja tu, kitundu kikaelekea kifuani kwake, akakitazama, akakifumba kiganjani. Nikamwambia, tata, kama wanavyomwita baba huko kwao, kimekaa mezani kwangu tangu Juni, ni kosa langu, nilikisoma vibaya. Kisha akasema, "Wewe ulisoma karatasi, mwalimu. Mimi nilisoma kifua changu." Akang'oa kijiti chake mchangani, akanionyesha njia ya kwao kwa kidevu. Alitaka niwepo.

Mama alikuwa ameketi mlangoni juani. Mwanawe aliketi chini mbele yake, akamwekea kibati kiganjani, akasema yote: homa, sanduku, kamba, vibati kubadilishana. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kupumzika, kama mtu anayevuka na mzigo na anajua akisimama katikati ataanguka. Vidole vya yule mama vilizunguka kibati, vikakipata kitundu, vikabaki hapo. Akauliza mzigo ulikuwa wa nani. "Wangu, mama." Akauliza tena nani aliyevua kibati kwanza. "Yeye." Yule mama akatoa sauti ndogo puani, ambayo mimi nilidhani ni kilio.

"Huyo," akasema. "Tangu utotoni alipenda kuonyesha ana shingo nene kuliko yako." Kisha, "Waite watu. Tumzike kabla mvua haijaanza."

Walikizika kibati katika kaburi la urefu kamili wa mtu. Nililiona, sikusimuliwa. Wiki iliyofuata kitukuu mmoja, aliyekuwa akiitwa kwa jina la muda tu, alipewa jina la yule mdogo wa mzee. Yule mama alifariki Februari, mvua zikiwa katikati, na kwa maelezo ya walioketi naye hakuacha jambo lililomtatiza.

Ningeweza kuishia hapo, na nadhani wengi wangependa. Mimi mwenyewe nilidhani habari imekwisha. Lakini Mei mwaka huu, mwinjilisti aliponiambia kwamba mzee ameonekana tena mtoni na kijiti chake, nilimtumia salamu nikimuuliza anatafuta nini sasa. Jibu lilirudi kwa mdomo wa mwinjilisti huyohuyo: "Wa kwetu amelala. Wenzetu kumi na saba wa kamba ile bado wako majini." Aliendelea wiki nne hivi, akashikwa na kichomi, akafa. Mwuza samaki ameniambia kwamba katika kitambaa chake kilichobaki mna vibati vinne visivyosomwa.

Nimefikiri sana, kama kawaida yangu, kuhusu mafunzo ya maisha yale. Sisi tuliopita vyuoni tunaambiwa kila siku kwamba nchi inaelekea mikononi mwetu, na tunapoambiwa hivyo tunanyoosha tai. Sijui kama tutaiendesha vizuri. Najua kwamba daftari la boma lilikuwa na jina sahihi tangu zamani, na daftari langu lilikuwa na namba ambayo niliandika kwa uangalifu mkubwa, na kati ya madaftari hayo mawili mama mmoja alisubiri miezi mitano zaidi ya ilivyohitajika, katika umri ambao miezi mitano si kitu cha kuchezea. Haikuhitaji akili kubwa kuizuia. Ilihitaji nifungue kasha, niweke kibati juu ya meza, niseme, mzee, hebu tazama. Nilikuwa na huruma tele. Nilichokosa ni kumwamini mtu kwa habari zake mwenyewe. Waungwana husema kuuliza si ujinga, na nadhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wasiosoma wakienda kwa wasomi. Ingefaa isomwe kwa upande wa pili pia.

Lakini sitaki kumaliza kwa kujilaumu, maana yeye hakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Wale waliobeba mizigo ya vita katika nchi hii hawana jiwe lililoandikwa majina yao, na sitakaa nikingoja mtu aliweke. Nimemwandikia karani wa boma nimtayarishe. Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa ya siku za likizo ya Agosti, naye ameniuliza mara mbili kama nimefikiri vizuri. Nikamjibu kwamba kwa mara hii sijafikiri sana. Kazi aliyoacha mtu haina haja ya kuombolezwa. Ina haja ya mtu mwingine aamke asubuhi, avue viatu, aingie mchangani pale mwenzake alipoishia. Bado kumi na watatu, nikihesabu wale wanne wa kitambaani kuwa wamepatikana, na mto utabaki chini mpaka Novemba.