Kipimo cha Mto Nilichokiweka Mwisho

Miaka ya elfu mbili, kampuni yetu ya maji ilikuwa na ofisi mbili, Kitale na Bungoma, zilizounganishwa kwa laini moja nyembamba ya redio. Simu za ofisi, barua pepe, vyote vilipita humo. Laini ikijaa, swichi, mashine inayoielekeza data, hutupa pakiti, yaani vipande vya data, zilizozidi, na mimi fundi wa mtandao ndiye niliyeiambia itupe zipi.

Nilipanga foleni kwa heshima, kama wapangwavyo wasemaji mazishini. Mkurugenzi mbele, kisha mameneja, kisha makarani. Mwisho kabisa niliweka kipimo cha mto, kidude kilichofungwa upande wa Kitale, mto unakotokea, kilichotuma kina cha maji kila baada ya dakika chache. Namba moja tu, nikasema, itaharibu nini ikichelewa?

Aliyeitegemea ni mume wa dada yangu. Alitunza pampu yetu kando ya Nzoia, upande wa Bungoma, na kabla ya kuteremka mtoni alitazama namba hiyo kwenye kompyuta ya kibandani.

Alasiri moja mvua kubwa ilishuka Kitale na kila mtu akashika simu. Mkurugenzi alinipigia. "Leo umeweza, bana! Sauti safi kabisa." Nikavimba kichwa.

Kisha shemeji akanipigia kwa simu ya mkononi. "Shemeji, hii kompyuta inasema maji imeturia. Lakini mimi naskia mto inanguruma."

Nilitazama kioo changu. Namba ilikuwa ileile ya asubuhi. Namba mpya zikitupwa njiani, ya zamani hubaki palepale, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Ati unaamini masikio kuliko mashine?" Nikacheka. "Si hata mimi naona imetulia? Enda tu upake hiyo pampu grisi."

"Haya basi," akasema.

Walimpata siku ya tatu. Nilipofungua rekodi za swichi, ilikuwa imehesabu kila pakiti iliyotupa kwenye foleni ile ya mwisho, alasiri nzima. Nakichukia kicheko kile hadi leo.

Tulimzika kwao Tongaren. Mkurugenzi alizungumza kwanza, tena kwa kirefu, wakafuata mameneja, kisha chifu. Mawingu yakatanda. Mwongoza ratiba akatazama saa, akaomba waliobaki wawe radhi, muda umekwisha.

Aliyebaki alikuwa dada yangu. Alikuwa ameshika karatasi yake, ameshaanza kuinuka. Akaketi tena, akaikunja.