Tulipoenda Kuona Mtoto wa Waiyego

Hapa Munyaka, tumbo la mwanamke ni mali ya mtaa mzima. La Waiyego, muuza viazi wetu, lilipoanza kujitokeza, sisi majirani tulijua kabla hata ya mumewe, Mbuthia. Ndoa ilikuwa na miaka sita bila mtoto. Tulimletea stuli, tukamkataza kuinua gunia, na tukaanza kubishana kama mtoto atakuwa msichana au mvulana.

Jina la msichana lilikuwa na mwenyewe tayari. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ikawa kama bibi huyo amezaliwa tena, na hapa bibi ni Mama Njambi wa Timboroa, mama mkwe wa Waiyego. Miaka hiyo yote, kila Jumapili alipiga simu: "Waiyego, nimefika ama bado niko njiani?"

"Bado, Mama. Barabara ni mbaya."

Walicheka wote wawili. Kisha Waiyego alikata simu na kulia peke yake.

Sasa hedhi ilikuwa imekatika na sketi hazifungi. Kupima mimba hakutaka, maana vile vijiti vya duka la dawa vilikuwa vimemvunja moyo mara nyingi. Alinunua dera kubwa akanyamaza na furaha yake. Ni maumivu ya kiunoni yaliyompeleka kliniki.

Daktari Chepngetich alipitisha mashine juu ya tumbo, akairudisha tena upande wa kulia. "Mama, hapa hakuna mtoto. Hii ni cyst, uvimbe wa maji kwenye ovari ya kulia, na imekuwa kubwa kama kabeji. Lazima tuitoe. Ovari ya kushoto iko sawa, bado unaweza kushika mimba. Lakini siwezi kukuahidi."

Waiyego aliuliza jambo moja tu: "Sasa mama mkwe nitamwambia nini?"

Kabla ya kupasuliwa alimtuma Mbuthia amwambie mama mkwe, awaambie na majirani. Mbuthia, ambaye hata salamu huzitoa kwa kipimo, alimwambia mama yake akaona kazi imekwisha. Kwa hiyo sisi tulisikia tu kwamba Waiyego ametoka hospitali. Tukajitwika kuni, unga na sukari, tukaenda kuona mtoto, tukiimba kuanzia barabarani.

Mama Njambi, aliyekuja kutoka Timboroa kumuuguza, alitufungulia mlango, mwiko mkononi.

"Mtoto ako wapi tumuone?" akauliza mwenzetu Ciku, ambaye huwa hangoji kukaribishwa.

Kule chumbani Waiyego alisikia, akajifunika blanketi hadi kichwani. Aibu ilimshika kama mtu aliyeiba. Mama Njambi aliuweka mwiko mezani. Alimshika Ciku mkono, akatuingiza sote chumbani, akafunua blanketi taratibu.

"Mtoto ni huyu," akasema. "Jina ako nalo tayari, anaitwa Waiyego. Amepasuliwa tumbo, msimchekeshe. Hizo kuni wekeni jikoni, uji wake bado haujaiva."

Waiyego alicheka hata hivyo, akishikilia mshono, machozi yakimtoka, na Mama Njambi akamfuta kwa leso yake mwenyewe.