Sekunde Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha malori, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mzee Gia. Alishawahi kuteremka milima na shehena ya saruji, breki zikinuka moto, na mkono wake haukutetemeka. Ndiyo maana ilimwia vigumu kumwambia mtu yeyote kwamba sasa anaogopa kuvuka barabara.

Ilianza Jumanne moja asubuhi. Ukumbi wa wazee ulikuwa ng'ambo ya barabara kuu, dakika tano tu kutoka nyumbani. Huko walicheza drafti, wakanyoosha viungo, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wao wa viti vilivyolegea. Siku hiyo taa ya waenda kwa miguu iliwaka kijani, akashuka ukingoni na mkongojo wake. Goti la kushoto lilikuwa limevimba. Hajafika nusu ya njia, kijani ikazimika, na magari yakanguruma.

Akaganda juu ya mstari mweupe, mkongojo kifuani, malori yakimpita mbele na nyuma, upepo wake ukimvuta shati. Tena alijua jambo ambalo wengine hawalijui: dereva aliyekaa juu kule hamwoni mtu aliyesimama karibu na pua ya lori. Yeye mwenyewe, enzi zake, hakuwa akiwaona.

Namna alivyofika ng'ambo hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba rafiki zake walimrudisha kwa teksi, na kwamba tangu hapo hakutoka tena.

"Baba, leo si Jumanne?" mke wa mwanawe aliuliza.

"Nina mafua."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na mafua."

"Ni yale yale, mwanangu. Hayana haraka."

Mkwe alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Alimwona mzee akihamishia kiti chake chumba cha nyuma, mbali na dirisha la barabarani. Alimwona akimwaga chai kila honi ilipolia. Ndevu zilianza kuota ovyo. Ikafika hatua mzee akawa anauliza leo siku gani, halafu hasubiri jibu.

Mwezi wa nne tangu ajifungie ndani, Mwalimu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mkavu, mstaafu wa shule ya msingi, katibu wa wazee pale ukumbini. Hakuzunguka mbuyu.

"Mzee Gia, unaumwa au unaogopa?"

Mzee alitazama mlango kuona kama mkwe yuko karibu. "Naogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi, Mwalimu. Nikifika pale ukingoni miguu inakufa ganzi."

"Basi wewe ni wa nane. Watu wanane wa upande huu wameacha kuja, kila mmoja na uongo wake. Wewe una mafua, mwenzio eti analinda kuku. Nimeihesabu ile kijani. Sekunde kumi na nne. Nimemwandikia injinia wa halmashauri, anakuja Alhamisi. Namtaka mtu atakayemweleza kile dereva anachokiona akiwa juu ya lori."

"Nitamweleza nikiwa hapa hapa kwenye kiti."

"Kwenye kiti hapapiti lori," Mwalimu alisema, akaaga.

Alhamisi mzee alinyoa. Alijikata mara mbili. Mkwe alimshika mkono mpaka ukingoni, na kiganja cha mzee kililowa kama kimetoka kwenye beseni. Injinia alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vinang'aa, saa ya kupimia muda mkononi.

"Shikamoo, mzee. Tembea tu kwa mwendo wako wa kawaida. Niko nawe."

Kijani ikawaka. Mzee aliweka mkongojo chini, akavuta mguu, akaweka tena. Alitaka kurudi, lakini kugeuka nako kulihitaji sekunde. Kijani ikazimika wakiwa pale pale kwenye mstari mweupe. Lori la mchanga likaja, halikupunguza mwendo hata kidogo. Mzee akafumba macho. Akahisi mtu anamng'ang'ania kwenye mkono wa shati. Alikuwa injinia, midomo imekauka.

"Dereva anatuona?" injinia aliuliza.

"Hatuoni," mzee alijibu. "Usisogee, baba. Usisogee kabisa."

Walisimama hivyo mpaka kijani ikarudi. Walipofika ng'ambo injinia aliketi kwenye ukuta mfupi wa ukumbi, na ilichukua muda kabla hajaandika chochote.

Barua zilikwenda na kurudi, Mwalimu akafuatilia kila wiki bila kuchoka, na mwezi wa pili baada ya siku ile taa ikabadilishwa: sekunde thelathini. Kati ya wale wanane walirudi saba; mmoja alikuwa ameshahamia mbali kwa binti yake. Mzee Gia alivikuta viti vyake vimelegea hasa, bisibisi ikamkalia mkononi asubuhi nzima.

Hofu haikumtoka. Kila Jumanne huwangoja wenzake upande wa nyumbani ili awavushe, kwa sababu Mwalimu alimpa kazi hiyo na hakumpa nafasi ya kukataa. Juma lililopita alikuja bibi mmoja mgeni, akasimama hatua tatu nyuma ya ukingo.

"Wewe huogopi?" bibi aliuliza.

"Naogopa sana," alisema Mzee Gia, akampa kiwiko chake. "Ngoja kijani iwake upya, tuanze nayo."